Wi-Fi Inapogoma Kwenye Kompyuta: Tambua Kwanza Mawasiliano Yanakatikia Wapi

Wi-Fi inapogoma, wengi wetu hutoa dawa kabla ya kupima ugonjwa. Tunazima ruta na kuiwasha, tunazima kompyuta na kuiwasha, na subira ikiisha tunachukua sindano na kubonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta kinachorudisha mipangilio ya kiwandani. Pengine mtandao utarudi, lakini kwa kuwa hatukujua kilichokuwa kinausumbua, baada ya siku tatu tunakuwa pale pale. Pengine hautarudi, na hapo tatizo moja limekuwa mawili, kwa sababu ruta nyingi za nyaya za simu au za faiba zikirudishwa kiwandani husahau pia jina la mtumiaji na neno la siri zilizowekwa na fundi wa kampuni ya intaneti siku ya kufungwa. Ndiyo maana namwomba msomaji ajizuie kwa dakika tano tu, ajue kwanza ni kipande gani cha safari kilichokatika.

Safari yenyewe ina vipande vitatu. Kipande cha kwanza kiko ndani ya kompyuta, kati ya mfumo endeshi na kadi ya Wi-Fi. Cha pili kiko hewani, kati ya kadi hiyo na ruta. Cha tatu huanzia kwenye ruta kuelekea kwa kampuni ya intaneti na ulimwengu mzima. Kipimo cha haraka kuliko vyote ni simu ya mkononi: iunganishe na Wi-Fi ile ile, zima data ya laini, kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Kuzima data ni lazima, kwa sababu simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huweza kuhamia kwenye laini kimya kimya, nawe ukadhani Wi-Fi ni nzima. Simu ikifungua tovuti hiyo, kipande cha tatu ni kizima, na kazi iliyobaki iko kwenye kompyuta yako au kati yake na ruta. Simu nayo ikishindwa, iache kompyuta kama ilivyo na uende kwenye sehemu ya "Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti".

Maelekezo haya nimeyaandika nikiwa na Windows 10 na 11 akilini. Mara nyingi nitatumia amri badala ya menyu, kwa kuwa menyu hubadilika sura kila toleo jipya linapotoka, ilhali amri zimebaki zile zile. Amri fupi huandikwa kwenye kisanduku kinachofunguka ukibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Zile zinazoanza na netsh, ipconfig au ping huandikwa kwenye dirisha jeusi linalofunguka ukiandika cmd katika kisanduku hicho hicho.

Kompyuta haionyeshi mtandao hata mmoja

Ikiwa hata mitandao ya majirani haionekani, kasoro iko katika kipande cha kwanza. Anza na swichi. Kompyuta mpakato nyingi tunazotumia zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika maofisini Ulaya na Marekani, na baadhi yake, kama vile ThinkPad T410 na T420, zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni mwa kasha ambayo hukata redio yote. Swichi hiyo ikishikwa na mkoba, hakuna mpangilio wowote wa Windows utakaoweza kuifufua Wi-Fi. Kompyuta nyingine hutumia kitufe cha Fn pamoja na kitufe kimojawapo cha juu chenye picha ya mnara au ya ndege. Hakikisha pia kwamba "Airplane mode" imezimwa. Anayetumia Linux aandike rfkill list: akiona "Hard blocked: yes", atafute swichi ya mkono, na akiona "Soft blocked: yes", amri ya rfkill unblock all itamtosha.

Swichi ikiwa sawa, andika devmgmt.msc na ufungue mstari wa "Network adapters". Kadi ikiwapo lakini ina mshale mdogo unaotazama chini, imezimwa tu. Bofya kwa kitufe cha kulia na uiwashe. Ikiwa na alama ya njano, au ikiwa mstari huo hauna kadi ya Wi-Fi bali kuna "Unknown device" au "Network Controller" mahali pengine, kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Hali hii huonekana sana pale fundi anapoweka Windows upya na kumrudishia mwenyewe kompyuta bila kumalizia draiva. Mwenyewe naye hukwama, kwa kuwa ili apakue draiva ya Wi-Fi anahitaji intaneti, na intaneti aliitegemea kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Njia ya kutokea ni waya wa kuchajia simu. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows itaiona simu kama mtandao wa waya na kwa kawaida haitadai draiva ya ziada. Kumbuka tu kwamba linalotumika hapo ni bando lako.

Usipakue draiva kwa kubahatisha, wala usitumie zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mkupuo, kwa sababu nyingi huja na takataka nyingine. Jina la mtengenezaji limeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Bofya mara mbili kifaa kisichojulikana, nenda "Details", chagua "Hardware Ids", usome herufi zinazofuata VEN. Namba 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek na 168C ni Atheros. Ikiwa ni kidude cha USB utaona VID badala ya VEN, na 0BDA ni Realtek. Ukishajua hayo pamoja na modeli ya kompyuta, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi.

Kadi ikiwa haionekani popote, izime kompyuta kabisa kwa kushikilia Shift wakati unabofya "Shut down", kwa kuwa Windows ya siku hizi ikizimwa kwa njia ya kawaida hulala nusu tu. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika. Nimeona kadi nyingi zilizodhaniwa kufa zikirudi kwa njia hii. Isiporudi, chungulia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, kama redio imezimwa huko, na baada ya hapo uamuzi ni kubadilisha kadi au kununua kidude cha Wi-Fi cha USB. Kabla ya kununua kadi ya ndani fahamu kwamba ThinkPad za zamani hukataa kadi isiyokuwa kwenye orodha yake, na huonyesha kosa namba 1802 na kugoma kuwaka. Kwa kompyuta za namna hiyo mimi hushauri kidude cha USB bila kusita.

Mitandao ya majirani inaonekana, wako hauonekani

Hapa kadi ni nzima, bali haisikii masafa ambayo ruta yako inayatumia. Wi-Fi za nyumbani kwetu hutumia hasa mikanda miwili, ule wa 2.4 GHz na ule wa 5 GHz, na kadi nyingi za miaka ya 2010 hadi 2013, kwa mfano Intel Centrino Wireless-N 2230, husikia mkanda wa kwanza tu. Andika netsh wlan show drivers na utazame mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, bila 802.11a wala 802.11ac, basi karibu hakuna shaka kwamba kadi yako haiwezi 5 GHz. Dawa ni kuwasha mkanda wa 2.4 GHz kwenye ruta. Anayetumia iPhone 12 au ya baadaye kama ruta awashe "Maximize Compatibility" katika ukurasa wa kushiriki intaneti, na kwenye Android nyingi kuna mahali pa kuchagua mkanda katika mipangilio ya hotspot.

Sababu nyingine ni ya ajabu kidogo, na huwasumbua watu kwa wiki nzima. Mkanda wa 2.4 GHz umegawanywa katika chaneli, na nchi nyingi huruhusu chaneli 1 hadi 13, lakini Marekani vifaa vya kawaida huishia chaneli 11. Ruta iliyoachiwa ijichagulie chaneli inaweza kuangukia 12 au 13, na kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haitaiona kabisa, ingawa simu zote za nyumbani zinaiona. Siku ruta ikijiwasha upya baada ya umeme kukatika na kuchagua chaneli nyingine, kompyuta inaiona tena, na mwenyewe anabaki akidhani ni miujiza. Ingia kwenye ruta, acha kuchagua kwa otomatiki, na uweke chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu zina maana yake: chaneli zimepishana kwa 5 MHz tu, ilhali kila mtandao unahitaji nafasi ya takriban 20 MHz, na ni hizo zinazoachana vya kutosha ili zisiingiliane.

Mtandao unaonekana lakini unakataa kuunganishwa

Neno la siri ndilo mtuhumiwa wa kwanza, hasa lile lililochapwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta, ambapo sifuri na O, au l na 1, hufanana kama mapacha. Ikiwa neno la siri lilibadilishwa karibuni, kompyuta huenda bado inatumia la zamani. Chagua "Forget" kwenye mtandao huo, kisha jiunge upya.

Neno la siri likiwa sahihi na simu mpya zikikubaliwa, huku kompyuta ya zamani ikikataliwa, tazama aina ya ulinzi. WPA3, ulinzi wa Wi-Fi unaofuata baada ya WPA2, ilitangazwa mwaka 2018, na ruta iliyowekwa WPA3 peke yake itazifungia nje kadi nyingi za kabla ya hapo. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES. Usikubali ushauri wa kurudi WEP ili mashine ya zamani iingie, maana WEP huvunjwa kwa dakika chache na yeyote mwenye nia.

Kuna pia kuunganishwa nusu nusu, ambapo alama inaonyesha umeingia lakini hakuna kinachopita. Andika ipconfig na usome anwani ya IPv4, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hosteli na ofisi ndogo zenye watu wengi hukumbwa na hili pale ruta inapomaliza anwani za kugawa, na kuwasha ruta upya hapo kuna maana. Anwani ikiwa ya namna nyingine isiyofanana na za simu zako, fungua ncpa.cpl, nenda kwenye sifa za IPv4 za kadi ya Wi-Fi, na uangalie kama kuna anwani iliyoandikwa kwa mkono. Kompyuta iliyotoka ofisini inaweza kubaki na anwani ya ofisi ile. Chagua ipokee anwani na DNS (nitaieleza hapa chini) kwa otomatiki.

Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Sehemu hii inahitaji utulivu, kwa sababu dalili ni moja na visababishi ni vingi. Katika majibu ya ipconfig tazama "Default Gateway", ambayo ndiyo anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1. Andika ping na anwani hiyo, ili uone kama ruta inajibu. Ruta isipojibu, tatizo liko hewani au kwenye kompyuta. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya Google huko nje kwenye intaneti. Hapo ruta ikiwa inajibu na 8.8.8.8 haijibu, kilichokatika ni kipande cha tatu, na kwa ruta ya laini jambo la kwanza kuulizia ni salio la bando, ambalo huisha bila ruta kuzima taa hata moja. Kama bando lipo, tazama simu za majirani wanaotumia kampuni nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake walibaki na intaneti ya kusuasua, na siku hiyo hapakuwa na ruta ya nyumbani iliyostahili kubonyezwa na sindano.

Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, kinachokosekana ni DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Andika ipconfig /flushdns, na isiposaidia weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye sifa za IPv4. Hotelini na uwanja wa ndege fanya kinyume chake, ondoa DNS uliyoweka mwenyewe, kwa sababu inaweza kuuzuia ule ukurasa wa kujisajili usitokee. Ukurasa ukigoma kutokea, andika http://example.com bila herufi ya s, na kwa kawaida utasukumwa kwenye ukurasa wa hoteli.

Kisababishi kimoja nakipa nafasi yake kwa sababu kimewagharimu watu fedha. Niliitwa kwenye duka la steshenari ambako vijana hujaza maombi ya mkopo wa chuo, na mwenye duka alikuwa ameshanunua ruta mpya akiamini ya zamani imekufa. Kila asubuhi umeme uliporudi, kompyuta yake ya mezani iliunganishwa vizuri, ping zote zilijibu, lakini hakuna tovuti iliyofunguka bila onyo la usalama. Pembeni mwa skrini tarehe ilisomeka 1 Januari 2012. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile iitwayo CR2032, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma miaka mingi, na vivinjari vikaviona vyeti vya usalama vya tovuti zote kuwa bado havijaanza kutumika. Tulibadilisha betri, tukarekebisha saa, na ruta yake ya zamani ikarudi kazini. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza lolote, hutazama saa.

Saa ikiwa sahihi, chunguza mabaki ya VPN na proksi, yaani njia za kuipitisha intaneti yako kwanza kwenye seva nyingine. Fungua inetcpl.cpl, ingia "Connections", kisha "LAN settings", na uondoe tiki ya proksi kama hukuiweka wewe.

Inafanya kazi, lakini ni polepole au inakatikakatika

Hapa usikisie kwa kutazama vijiti vya alama. Andika netsh wlan show interfaces ukiwa mita moja kutoka kwenye ruta, usome asilimia ya "Signal", kisha rudia ukiwa mahali unapofanyia kazi. Ikiwa karibu na ruta unapata asilimia 90 na zaidi na chumbani unapata 40, tatizo ni jengo. Kuta nene za mawe ya matumbawe katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe na Lamu, zege lenye nondo, kioo kikubwa, tangi la maji na mageti ya mabati vyote hula mawimbi. Isogeze ruta iwe juu na katikati ya nyumba. Mkanda wa 5 GHz una kasi zaidi lakini huchoka upesi kwenye kuta, kwa hiyo chumba cha mbali kiachie 2.4 GHz.

Ikiwa hata mita moja kutoka kwenye ruta unapata asilimia 30 au chini, hilo si suala la kuta. Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta mpakato ambayo ilishika Wi-Fi ikiwekwa juu ya ruta tu, na ilianza hivyo baada ya kubadilishiwa kibodi. Tulipofungua kifuniko cha chini tuliziona nyaya mbili nyembamba, mmoja mweusi na mmoja mweupe, zikielea kando ya kadi. Hizo ndizo antena: hutoka kwenye kadi, hupita kwenye bawaba na kupanda hadi pembezoni mwa skrini. Ncha ya kila waya ni kifuniko cha shaba cha duara, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho hukaa juu ya kitufe chake kwenye kadi. Ukikiweka sawasawa na kukibonyeza kwa ukucha utasikia mlio mdogo wa kushika; usitumie koleo, kwa sababu vitufe hivyo hung'oka na kadi inakuwa haina kazi tena. Asilimia ilipanda kutoka 28 hadi 97 tukiwa tumekaa pale pale.

Anayetumia kidude cha USB achunguze jirani yake. Diski ya nje ya USB 3.0 na waya wake hutoa kelele kwenye mkanda wa 2.4 GHz, jambo ambalo Intel yenyewe ililieleza katika waraka wa mwaka 2012. Kidude kikikaa ubavuni mwa diski hiyo, mtandao hukatika kila unaponakili mafaili. Waya wa kurefusha USB wa nusu mita unamaliza suala hilo.

Mtandao ukikatika baada ya dakika kadhaa za kutogusa kompyuta, rudi devmgmt.msc, fungua kadi, na kama kuna ukurasa wa "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme. Na ikiwa kasi hushuka tu pale kompyuta inapowashwa, yaelekea Windows inapakua masasisho nyuma ya pazia. Fungua sifa za mtandao huo na uwashe "Metered connection". Anayenunua bando la siku ataiona tofauti siku hiyo hiyo.

Endapo umefika hapa bila mafanikio, Windows ina "Network reset" ndani ya mipangilio ya juu ya mtandao. Hatua hiyo huondoa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, na hufuta mitandao yote iliyohifadhiwa, pamoja na mipangilio ya VPN. Kwa hiyo kabla ya kuibonyeza, fungua cmd kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh wlan show profiles ili uone majina ya mitandao uliyohifadhi, kisha kwa kila jina unalolihitaji andika netsh wlan show profile name="jina la mtandao" key=clear. Neno la siri litatokea kwenye mstari wa "Key Content". Liandike kwenye karatasi, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo.